Mambo Yasiyopaswa Kuonekana Uwani kwa Bi Shemsa

Ipo nchi moja yenye bendera nzuri, na barabara zake huzinduliwa kila mwaka, zilezile. Serikali ya huko huwapenda wananchi kiasi kwamba haipendi kupitwa na jambo lao lolote. Jina la nchi hiyo halina haja ya kutajwa, kwa kuwa wenyewe wanalijua, na wageni hawaruhusiwi kulitamka bila kibali. Katika mji mkuu wake, mtaa uitwao Kona ya Pili, aliishi mzee mmoja mstaafu wa posta, Bwana Mbaruku Sengasu.

Bwana Mbaruku alikuwa amechambua barua kwa miaka thelathini na mmoja. Barua zilizo ndani ya bahasha hazikumpa taabu. Zilizompima utu ni kadi, zile kadi za picha ambazo mtu huandika maneno yake nyuma, wazi kabisa, kana kwamba dunia nzima haina macho. Yeye alijizoesha kusoma anwani tu. Macho yake yakifika kwenye neno "mpenzi" yaligeuka yenyewe, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Siku aliyostaafu, mkuu wa posta alimsifu kwa kusema kuwa katika historia ya shirika hapajatokea mtumishi aliyejua mambo machache kuliko Bwana Mbaruku. Wenzake walicheka. Yeye aliona ndiyo sifa kubwa aliyowahi kupewa, akaenda nyumbani amenyoosha mgongo.

Kilichomsumbua katika kustaafu kwake kilikuwa mita ya maji. Iliibwa Januari, ikaibwa Machi, ikaibwa tena Mei, kila mara mchana kweupe, saa ambayo yeye hulala kidogo baada ya chakula. Kila mtu mtaani alijua mita hizo huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mamlaka ya Maji ilimwandikia barua yenye aya mbili. Ya kwanza ilimpa pole. Ya pili ilimfahamisha kwamba nyumba isiyo na mita huhesabiwa kuwa inatumia maji kama hoteli, hivyo kuanzia mwezi ule nyumba yake imesajiliwa kuwa hoteli, naye anaalikwa kwenye mkutano mkuu wa wenye mahoteli. Bwana Mbaruku, kwa kuwa ni mtu wa kutii wito, alikwenda. Akachaguliwa mjumbe wa kamati ndogo ya mashuka.

Aliporudi kutoka kwenye mkutano huo ndipo alipoamua kununua kamera ya ulinzi.

Sasa, mtu mwingine angekwenda dukani moja kwa moja. Bwana Mbaruku alianza kwa jirani. Kati ya nyumba yake na ya Bi Shemsa palikuwa na ukuta mfupi uliomfika kifuani. Bi Shemsa alikuwa mjane, mwanamke mnene wa sauti ndogo, na kwa miaka kumi na tisa walikuwa wameishi vizuri kwa kanuni moja isiyoandikwa popote: hakuna anayeuliza. Kila Alhamisi tangu alfajiri uwani kwa Bi Shemsa palifuka moshi, na harufu ya biriani ikatambaa juu ya ukuta mpaka kwenye mito ya kitanda cha Bwana Mbaruku. Saa tano lilikuja gari lenye pazia, likaondoka. Saa sita mkono wa Bi Shemsa ulitokeza juu ya ukuta na sahani iliyofunikwa kawa. Bwana Mbaruku alikula, akaosha sahani, akairudisha na kusema ahsante. Hakuwahi kujiuliza kwa sauti mwanamke anayeishi peke yake anahitaji nini kwa masufuria ambayo ndama angeweza kulala ndani yake.

"Hodi, Bi Shemsa," alisema akiwa upande wake wa ukuta, ameangalia juu kwenye paa kama kawaida yake.

"Karibu, jirani."

"Nataka kufunga kamera, kwa ajili ya mita. Nimeona nikwambie kabla sijanunua, usije ukaona jicho ukutani ukashtuka."

Ulisikika mwiko ukigonga ukingo wa chungu.

"Itaangalia wapi?"

"Geti langu na mita yangu. Basi."

"Nakuamini, Bwana Mbaruku," alisema. "Lakini uwani kwangu, tafadhali, isifike. Nina shughuli zangu, si mbaya, ila ni zangu."

"Haitafika," alisema Bwana Mbaruku, na kwake yeye jambo hilo likawa limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

*

Duka la kamera lilikuwa katikati ya mji. Muuzaji, binti mchangamfu aitwaye Tulanje, alimwamkia, akamketisha, akamwekea mbele kamera sita kama mtu anayepanga vitafunio.

"Hii, mzee, inazunguka pande zote. Hii inaona gizani. Hii inasikia mnong'ono wa hatua hamsini. Na hii ndiyo kiboko, inamtambua mtu kwa sura, inamfuata mpaka anapotokomea, halafu inakutumia kwenye simu alikuwa amevaa nini."

"Hii nyingine je, inaona nini?"

"Hiyo inaona juu ya kuta, mzee. Ukiifunga nyumbani kwako, mtaa mzima ni wako."

Bwana Mbaruku alizitazama kwa heshima, kama mtu aliyekutana na watu wasiojua kunyamaza.

"Mwanangu," aliuliza, "hamna inayoona kidogo?"

Tulanje alidhani hakusikia vizuri. Katika miaka mitatu ya kuuza kamera hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Kidogo kiasi gani?"

"Geti na mita. Isizunguke. Isisikie, maana mita haisemi. Isipeleke picha mbali huko kwenye mitandao zikalale nisikokujua. Na kama kuna ukingo wa ukuta wa jirani utaingia kwenye picha, niweze kuuziba."

Binti aliingia stoo, akakaa humo muda, akatoka na kisanduku chenye vumbi. Ndani mlikuwa na kamera ndogo nyeupe, isiyogeuka, inayohifadhi picha kwenye kadi yake yenyewe, na yenye uwezo wa kuweka kivuli cheusi juu ya sehemu ya picha usiyotaka ionekane.

"Hii tulikuwa tunataka kuirudisha kiwandani," alisema. "Wateja wanasema ina aibu."

"Ndiyo ninayoitaka," alisema Bwana Mbaruku.

Tulanje aliifunga kwenye mfuko, kisha akakumbuka kumwambia kwamba kamera yoyote, hata yenye aibu, haifungwi bila kibali cha Wizara ya Faragha na Uwazi.

*

Zamani wizara hizo zilikuwa mbili. Ilipofika zamu ya kubana matumizi, zikaunganishwa, na tangu hapo Faragha ikakaa upande wa kushoto wa ukumbi na Uwazi upande wa kulia, zikitumia mlango mmoja usiofungika. Bwana Mbaruku alipokelewa na Afisa Mkuu wa Kutoona, Bwana Lugendo, mtu mwembamba, mnyoofu, aliyependa fomu kama watu wengine wanavyopenda watoto wa ndugu zao.

"Umefanya vyema kuja, mzee," alisema Bwana Lugendo. "Wengi hufunga tu. Una jirani?"

"Ninaye."

"Jirani ana jambo lolote ambalo asingependa lionekane?"

Bwana Mbaruku hakujua kusema uongo. "Amesema ana shughuli zake," alijibu.

Uso wa Bwana Lugendo ulichangamka. Alifungua droo, akatoa Fomu Namba Saba, Tamko la Mambo Yasiyopaswa Kuonekana.

"Jirani aandike hapa kila jambo lake la faragha, saa linapofanyika, na upande gani wa ua. Aambatanishe picha."

"Picha za mambo ya faragha?"

"Za rangi. Tutazibandika ubaoni siku ishirini na moja na kuzichapisha kwenye gazeti la serikali, ili kila mwananchi ajue vizuri ni nini asikitazame."

"Lakini wakishakijua, bwana afisa..."

"Wakishakijua hawana kisingizio," alisema Bwana Lugendo kwa upole.

Bwana Mbaruku aliinuka. "Basi naomba niache. Kamera nitairudisha. Acha mita iibwe."

"Huwezi kuacha, mzee wangu. Umeshatuarifu kuwa nyuma ya ukuta wako kuna faragha. Wizara ikishajua kuna faragha mahali fulani, haiwezi kuitelekeza. Jirani asipojaza fomu kwa siku saba, kamati itakwenda kuijaza kwa niaba yake. Ni huduma ya bure."

*

Jioni ile Bwana Mbaruku alisimama ukutani muda mrefu kabla ya kusema hodi. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuwa na neno gumu la kumwambia yule mama. Alilisema lote, hakupunguza, wala hakujitetea.

Bi Shemsa aliipokea fomu, akaisoma mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyewaambia nina shughuli zangu?"

"Ndiyo. Waliniuliza, nikasema ulivyoniambia."

"Bwana Mbaruku," alisema Bi Shemsa kwa sauti yake ndogo, "mtu niliyemwamini kuliko wote kwa kutouliza, leo nimegundua tatizo lake. Hajui pia kutojibu."

Akamrudishia fomu ikiwa tupu, akaingia ndani. Alhamisi iliyofuata sahani haikuja. Bwana Mbaruku alikula mkate na chai, na harufu ya biriani ikapita juu ya ukuta bila kumsalimia. Alijisikia mpweke kuliko siku aliyokabidhi funguo za posta.

*

Kamati ilifika wiki ya pili, siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi: watu saba, ngazi mbili, darubini, na bango lililoandikwa KIMYA, FARAGHA INALINDWA. Waliweka ngazi kwenye ukuta wa Bwana Mbaruku ili wapime kamera ingeweza kuona nini kama ingekuwa mahali ambapo isingekuwa. Walipoona kutoka juu hawaoni vizuri, waliomba kuingia uwani.

Bi Shemsa aliwafungulia. Hakugomba. Aliwaonyesha viti, wakaketi mbele ya masufuria matano yaliyokuwa yakitokota, kama wageni wa harusi waliowahi.

"Haya ni ya nani, mama?" aliuliza Bwana Lugendo, kalamu mkononi.

"Ya mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja asiyependa kutajwa."

"Hilo nalo ni jambo la faragha," alisema Bwana Lugendo, akaliandika.

Bwana Mbaruku alikuwa upande wake wa ukuta, amewapa mgongo, akiwasikia bila kutaka. Saa tano kamili gari lenye pazia lilisimama mlangoni. Akashuka dereva mwenye sare ya Wizara ya Faragha na Uwazi. Alipomwona Bwana Lugendo alikakamaa, akampigia saluti.

"Afande, na wewe umefuata biriani?"

"Biriani gani?"

"Ya Mama. Kipindi kinarekodiwa saa tisa."

Hapo lazima ielezwe, kwa wasioijua nchi hiyo, kwamba kila Alhamisi jioni televisheni ya taifa huonyesha kipindi kiitwacho Jikoni kwa Mama Eveta. Mama Eveta ni mke wa Mheshimiwa Daktari Kwilasa, Waziri wa Faragha na Uwazi. Kwa biriani yake amepata nishani mbili, na marais wa nchi jirani wamewahi kutia saini mikataba ya mipaka kwa sababu tu waliahidiwa kuongezwa sahani. Watoto shuleni huandika insha juu ya mikono yake.

Wanakamati sita walitazamana, kisha wakayatazama masufuria, kisha wakatazama chini. Mmoja alianza kuikunja ngazi. Afisa mwingine yeyote angeifunga kalamu yake akaomba maji ya kunywa. Lakini Bwana Lugendo alikuwa mtu wa fomu. Alivuta pumzi, akaandika yote, pamoja na namba ya gari.

*

Tangazo lilitoka Jumatatu, ukurasa wa kwanza, likiwa na picha za rangi:

"Wananchi wote wanaarifiwa kwamba ni marufuku kutazama, kuchungulia au kurekodi mambo yafuatayo yaliyo uwani kwa Bi Shemsa binti Faki, Kona ya Pili: moja, upikaji wa biriani masufuria matano, kila Alhamisi, alfajiri hadi saa tano. Mbili, kubebwa kwa biriani hiyo na gari la Wizara hii. Tatu, ukweli kwamba biriani hiyo ndiyo inayoonekana saa moja jioni mikononi mwa Mama Eveta. Wananchi waepuke kabisa kuyajua haya."

Kufikia saa nne asubuhi foleni mbele ya ubao wa Wizara ilizunguka jengo mara mbili. Watu walivaa vizuri, wakaja na familia zao kusoma yale wasiyopaswa kuyajua, ili wayaepuke kwa uhakika. Wauza karanga walifanya kazi. Kufikia alasiri umati ulihamia Kona ya Pili, ukasimama mbele ya nyumba ya Bi Shemsa huku umeitazama nyumba ya mkabala, kutii sheria.

Mheshimiwa Waziri alihutubia taifa siku hiyohiyo.

"Ndugu wananchi," alisema, "mapishi yana ngazi tatu. Kuna kupika kwa mikono, ambako mtu yeyote anaweza. Kuna kupika kwa uongozi. Na kuna kupika kwa maono. Mke wangu hupika kwa maono. Maono hayo, popote yanapotua, hata uwani kwa mwananchi wa kawaida, hubaki kuwa ya mwenye maono. Hata hivyo nimeunda tume."

Shahidi wa kwanza wa tume alikuwa Bwana Mbaruku. Kabla hajaingia ukumbini, mwenyekiti, jaji mstaafu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, alimvuta kando.

"Mzee Sengasu, jambo hili ni dogo," alinong'ona. "Utasema kwamba miaka yote hii umemwona Mama Eveta akija uwani kwa jirani yako kila Alhamisi, amejifunga kanga, anapika mwenyewe, na yule jirani anamshikia mwiko. Weka saini hapa. Kibali chako cha kamera kitatoka leo, na nyumba yako itaondolewa kwenye orodha ya mahoteli."

Bwana Mbaruku aliitazama ile karatasi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, goti lilikuwa likimuuma, na ukweli ni kwamba aliogopa. Aliingia ukumbini, akaketi, akaulizwa mbele ya kamera nane za televisheni ameona nini uwani kwa Bi Shemsa.

"Sikuona kitu," alisema.

Mwenyekiti alikohoa. "Jaribu kukumbuka. Ukuta ni mfupi."

"Ukuta ni mfupi, Mheshimiwa, ndiyo maana sikutazama. Ungekuwa mrefu nisingehitaji adabu. Miaka kumi na tisa sikumchungulia yule mama. Leo nikisema nimeona chochote, kizuri au kibaya, itakuwa nimemchungulia kwa mara ya kwanza, tena mbele ya nchi nzima. Siwezi."

Bwana Lugendo, aliyekuwa ameketi nyuma akingoja kufukuzwa kazi, alitikisa kichwa polepole. Bwana Mbaruku alitoka akijua kwamba amemwangusha kila mtu: serikali haikupata ilichotaka, na Bi Shemsa hakupata shahidi wa kusema kazi ile ni ya mikono yake.

Ila serikali ya nchi hiyo haijawahi kukosa inachokitaka kwa siku mbili mfululizo. Kesho yake tume ilitoa taarifa. Ilisema kwamba shahidi aliye karibu kuliko wote, mwenye sifa ya uaminifu iliyothibitishwa na shirika la posta, kwa muda wa miaka kumi na tisa hajaona upishi wowote uwani kwa Bi Shemsa. Kwa hiyo hakuna upishi. Kwa hiyo hakuna biriani. Tangazo la Jumatatu lilikuwa kosa la uchapaji. Taarifa ilipewa namba, mia mbili na kumi na mbili, ikapigwa mihuri mitatu.

*

Bwana Mbaruku aliisikia redioni, akanunua gazeti lililoichapisha. Alikwenda ukutani moja kwa moja.

"Bi Shemsa. Nimekufuta. Sikukusudia. Nilisema sikutazama, wao wakasema hupo."

Kisha akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu ahamie pale: Bi Shemsa alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nilikuona kwenye televisheni," alisema alipopata pumzi. "Nilikuwa nimeshajiandaa kukuchukia. Nikasema, sasa atatapika yote, harufu, moshi, gari, sahani. Ukakaa pale na goti lako bovu, ukawanyima hata harufu."

"Lakini kazi yako yote, miaka yote hiyo..."

"Kazi yangu nitaizungumza mwenyewe nikitaka. Hilo ndilo nililokuwa nalilinda." Alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Unajua Mama Eveta aliniahidi nini miaka hiyo? Kwamba nikimtaja, watanifungia jiko. Sasa nisomee ile taarifa, pale panaposema hakuna upishi."

Bwana Mbaruku alimsomea. Alimsomea mara tatu, kwa sababu kila alipomaliza Bi Shemsa alisema, "Tena."

Alhamisi gari lenye pazia lilikuja saa tano. Dereva alimkuta Bi Shemsa kwenye kiti cha uvivu, miguu juu ya sufuria lililopinduliwa, anasafisha kucha.

"Mama, biriani iko wapi?"

"Biriani gani? Mimi sipiki. Soma taarifa mia mbili na kumi na mbili."

"Mama, leo kuna dhifa ya taifa. Rais wa nchi jirani ameshatua."

"Basi mwambie Mama Eveta apike kwa maono," alisema Bi Shemsa, akaendelea na kucha.

Mambo ya dhifa ile huelezwa kwa namna mbili. Gazeti la serikali liliandika kwamba Mama Eveta aliwaandalia wageni biriani ya kisasa yenye ujasiri. Waliokuwepo walisema mchele ulikuwa mbichi chini na umeungua juu, jambo ambalo wapishi wakongwe hawajui hadi leo linawezekanaje. Rais mgeni alikula mkate, akasifu maji, akaomba mkataba wa mpaka uahirishwe mpaka atakapopata nafuu. Wiki hiyo kipindi cha Alhamisi kilibadilishwa kikawa cha kushona vitambaa.

*

Kibali cha kamera kilifika siku chache baadaye, kwa kuwa sasa ilikuwa imethibitika kiserikali kwamba upande wa pili wa ukuta hakuna cha kuonekana. Bwana Mbaruku alipanda kwenye stuli, akaifunga ile kamera yenye aibu juu ya mlango. Lakini hakuiwasha. Alimwita jirani kwanza.

Bi Shemsa alizunguka kwa kupitia getini, mara yake ya kwanza kuingia kwa Bwana Mbaruku kwa mlango. Hapo Bwana Mbaruku akaiwasha, wakasimama wawili wameinamia simu aliyoiunganisha nayo kwa waya, wakitazama picha: geti, mita mpya, kipande cha njia, na pembeni kabisa ncha ya ukuta wake na shubiri mbili za kamba yake ya kuanikia.

"Hapo," alisema Bi Shemsa akigusa kioo. "Hapo naanika kila kitu changu."

Bwana Mbaruku aligeuza macho kabla hata hajaelewa. Akamwachia simu. "Ziba wewe mwenyewe, kiasi unachotaka. Mimi nitatazama kuku wa Bi Nasra kule ng'ambo ya njia."

Bi Shemsa aliburuta kile kivuli cheusi kwa kidole chake chenye harufu ya iliki, akafunika kamba, akafunika ukuta, akaongeza kidogo kwa usalama. Kisha akafikiri, akakirudisha nyuma kidogo.

"Huyo mwizi asije akapita hapo tukamkosa," alisema. "Kamba nitaihamishia upande wa pili."

Mwizi alikuja siku ya nne, saa ya usingizi wa mchana. Kwenye picha anaonekana akiinama kwenye mita, akiinua macho, akaiona kamera, akaisalimia kwa kuinua kofia, na kuondoka taratibu. Baadaye ilisikika kwamba ofisi ya Mamlaka ya Maji, ambayo haikuwa na kamera kwa kukosa kibali, imesajiliwa kuwa hoteli.

Mwezi uliofuata Bi Shemsa alifungua mlango wa uwani unaotazama barabarani. Alipanga mabenchi manne, akainjika masufuria sita. Hakuandika kibao chochote. Jina lake mwenyewe alilitamka kwa kila aliyekaa: "Mimi ni Shemsa binti Faki, na hii nimepika mimi." Watu walikuja kutoka pande zote za mji. Afisa biashara alikuja kudai leseni, akaonyeshwa taarifa ya tume, akakuna kichwa: hawezi kutoza leseni kwa upishi ambao serikali imethibitisha haupo. Bwana Mbaruku alipewa kazi ya kupokea oda. Kila mteja alimnong'oneza anachotaka, naye hakumwambia mwingine.

Alhamisi moja adhuhuri, mabenchi yote yakiwa yamejaa, Bwana Lugendo alitokeza mlangoni na fomu mpya kwapani. Hakuwa amefukuzwa. Alikuwa amepandishwa cheo, kwa kuwa hakuna mtu mwingine wizarani aliyejua fomu ziko wapi. Wateja waliacha kutafuna.

"Nimetumwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe," alisema, akikaa kwenye ncha ya benchi, "kuhakikisha kwamba mahali hapa hakuna kitu."

"Hakuna," alisema Bi Shemsa, akafunua sufuria.

Mvuke ulimpanda Bwana Lugendo mpaka kwenye miwani. Aliivua, akaipangusa, akaiweka mfukoni, mahali ambapo isingemsaidia kuona. Akaandika kwenye fomu: Hakuna.

"Basi nipe sahani moja hapa," alisema, akaangalia nyuma yake, kisha akashusha sauti, "na mbili za kufunga. Mheshimiwa na Mama nao wamesema wangependa kujiridhisha."